Wenye macho ni wanawake, mbona wapelelezi wetu wote wanaume?

Mimi nimekulia kwenye riwaya za upelelezi. Anko wangu alikuwa nazo kwenye sanduku la bati, zile za karatasi zilizogeuka rangi ya chai, jalada lina bastola na mdada kavaa kigauni, na nyingi zilishang'oka kurasa za mwisho kwahiyo unasoma mpaka pale patamu kabisa afu unaachwa hewani. Humo ndo nilikutana na Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla kwenye Simu ya Kifo ya mwaka 1965, na baadae nikamfikia mkubwa wao, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari na kiko chake, anayekaa kimya anatoa moshi wakati wenzie wanabishana na mwisho ndo anawaambia nani kafanya nini. Nawapenda wote hawa. Ninayoyasema hapa nayasema kama msomaji wao, mtu niliyewahi kuficha Njama, riwaya ya Musiba, ndani ya daftari la jiografia.

Lakini kuna kitu kinaniuma na kimeniuma muda mrefu. Ukiyapanga hayo majina yote, anayeuliza maswali ni mwanaume. Anayejibu, anayelia, anayedanganya, anayekutwa kafa chumbani, anayetumwa na maadui akagonge mlango wa hoteli saa tano usiku na manukato yake na kisu kwenye pochi, huyo ndo mwanamke. Aliye bora kuliko wote kwangu ni Nuru, yule anayefuatana na Joram Kiango, maana Nuru ana roho ngumu na Joram anamwamini na maisha yake. Ila hata yeye, soma taratibu, utaona tunaonyeshwa kwanza umbo, afu sura, afu wanaume wanavyogeuza shingo akipita, na akili yake inakuja baadae kama nyongeza ya mchuzi.

Najua mtu atasema ndo zilivyo riwaya za upelelezi dunia nzima. Hapana, ndo ninapotaka tubishane.

Tuanze na chanzo. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 na ikatoka kitabu mwaka 1960, na kila anayemjua Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, anaona kabisa Bwana Msa kachongwa kwenye gogo lile lile, kiko ni kile kile, na Najum rafiki yake ndo Dokta Watson, rafiki wa Holmes. Sawa, kuazima sio dhambi, na Abdulla alikiazima akakifanya cha Unguja kweli kweli. Ila kwenye hadithi za Holmes kuna mwanamke mmoja, Irene Adler, kwenye hadithi ya mwaka 1891, ambaye alimshinda Holmes mchana kweupe. Alimtambua, akavaa nguo za kiume akampita mlangoni kwake na kumpa salamu ya usiku mwema, kesho yake Holmes anafika na mteja wake mfalme wanakuta mama kashaondoka na picha waliyokuwa wanaitafuta kaenda nayo. Kiko kilifika huku, rafiki wa kufuatana naye alifika, Irene Adler hakupanda jahazi.

Na kabla hata ya Holmes kuzaliwa, mwaka 1864, London vilitoka vitabu viwili ambavyo mpelelezi wake ni mwanamke, anasimulia mwenyewe kesi zake. Fikiria, 1864! Polisi ya Uingereza haikuwa na askari mwanamke hata mmoja. Ilibidi ifike vita ya kwanza ya dunia, mwaka 1915, ndo mji wa Grantham ukamwapisha Edith Smith, askari mwanamke wa kwanza kule mwenye mamlaka kamili ya kukamata mtu. Yaani hadithi ilimtangulia afande kwa miaka hamsini na moja. Marekani walau kulikuwa na mtu wa kweli, Kate Warne, alienda mwenyewe ofisi ya kampuni ya upelelezi ya Pinkerton kule Chicago mwaka 1856 kuomba kazi, wakadhani kaja kuomba ukarani, akawaambia yeye anataka upelelezi maana kuna nyumba na vikao mwanaume hawezi kuingia na kuna siri mke wa mhalifu hawezi kumwambia mwanaume. Wakamchukua. Mwaka 1861 alikuwemo kwenye msafara wa kumpitisha Abraham Lincoln usiku salama Baltimore ambako kulikuwa na njama ya kumuua.

Hoja ya Kate Warne ndo hoja yangu yote humu. Kuna mahali ukweli unakaa ambapo mwanaume mwenye bastola hafiki.

Sasa njoo miaka ya 1920. Uingereza imetoka vitani, vijana wamekufa, sensa ya mwaka 1921 ikaonyesha wanawake wamezidi wanaume kwa zaidi ya milioni moja na nusu, na magazeti yakawa yanawaita wanawake wa ziada, kama vile ni viti vilivyobaki baada ya harusi. Wanawake wasioolewa, wanazeeka, hakuna anayewasikiliza. Dorothy Sayers mwaka 1927 akamwandika Miss Climpson, mama mtu mzima hajaolewa, ambaye mpelelezi tajiri Lord Peter Wimsey anamuajiri kwa kazi ya kuuliza maswali, kwasababu askari akiuliza swali watu wanafunga mdomo lakini mama wa makamo akiuliza watu wanaona ni maongezi tu. Na Desemba mwaka huo huo 1927 Agatha Christie akamtoa Miss Marple.

Hapa naomba nikae kidogo, kwasababu ile hadithi ya kwanza ya Miss Marple ina kitu nimekifikiria sana. Watu wako sebuleni wanapeana mafumbo ya mauaji, yumo mkubwa mstaafu wa Scotland Yard, polisi ya London, yumo wakili, yumo mchungaji, yumo mwandishi wa vitabu, na pembeni bibi anafuma, wamesahau hata kama yupo. Fumbo lenyewe ni mke kafa kwa sumu, na kwenye karatasi ya kukaushia wino ya mume wake pameonekana maneno ya mamia na maelfu. Wanaume wote wanawaza hela, urithi, deni. Bibi anajua kwa Kiingereza hilo ni jina la zile punje za sukari za rangi rangi wanazomwagia juu ya kitindamlo, kwahiyo anajua sumu iliwekwa kwenye chakula gani, na anajua nani jikoni aliiweka na alimuwekea nani. Basi. Hakukimbizana na mtu, hakupiga ngumi. Alishajua chakula kinavyopambwa na alishajua mume wa namna ile na binti wa kazi wa namna ile wanaweza kufika wapi, maana kijijini kwake ameshawaona kina yakhe wa namna hiyo miaka nenda rudi. Na Christie mwenyewe sumu hakuzijulia hewani, wakati wa vita alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali kule Torquay, anapima na kuchanganya dawa kwa mkono wake. Kazi ya wanawake wakati wa vita ndo ilimpa maarifa ya kuua watu vitabuni kwa miaka hamsini.

Wakati huo huo ng'ambo ya bahari, Marekani, mambo yalienda upande mwingine. Mwaka 1930 Dashiell Hammett akatoa kitabu cha yule ndege wa Malta, mwanamke mzuri anaingia ofisini kwa mpelelezi analia, kumbe ndo muuaji. Akafuata Raymond Chandler mwaka 1939 na mabinti zake matajiri walioharibika. Ni vitabu vitamu, siwezi kusema uongo. Ila mwanamke humo kageuzwa mtego, na muvi zikaubeba huo mtego zikausambaza dunia nzima, na mimi naamini yule mdada wa jalada la vitabu vya anko, mwenye kigauni, ametokea huko pamoja na majasusi wa sinema, hana undugu wowote na Unguja wala Kariakoo.

Na hapa ndo Willy Gamba ananiuma zaidi kuliko Bwana Msa. Riwaya za Musiba zimejaa makaburu na ukombozi wa Afrika, enzi ambayo Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, mji umejaa wapigania uhuru na majasusi wa kweli. Sasa jiulize habari kwenye mji huu zilikuwa zinapita wapi. Miaka kumi na kitu kabla ya hapo, Bibi Titi Mohamed aliingiza maelfu ya wanawake TANU kwa kupitia vikundi vya ngoma vya akinamama, wale wale waliokuwa wanajuana mtaa kwa mtaa, nani kahamia, nani kafiwa, nani mume wake karani wa mzungu. Huo ni mtandao wa habari ambao jasusi yeyote angeulilia. Wapishi wa pombe, wauza maandazi, makungwi, wote wamo. Afu inakuja riwaya ya ukombozi inaandikwa ndani ya mji huo huo na mwanamke anapewa kazi ya kugonga mlango wa hoteli! Kwa kweli hapo waandishi wetu walikuwa na dhahabu mlangoni wakaenda kuazima bati.

Nirudi nje kidogo, nitapita haraka. Mwaka 1972 P. D. James alimtoa Cordelia Gray, binti wa miaka 22 anarithi ofisi ya upelelezi baada ya mshirika wake wa kazi kujiua, na kitabu kizima kila mtu anamwambia hii kazi haimfai mwanamke, mpaka jina la kitabu ni hilo hilo. James mwenyewe alianza kuandika akiwa analea watoto wawili na mume aliyerudi vitani akiwa mgonjwa wa akili, anaamka alfajiri anaandika kabla ya kwenda kazini. Afu mwaka 1977 Marcia Muller na Sharon McCone wake, halafu mwaka 1982 wakaja wawili kwa mpigo, Sara Paretsky na V. I. Warshawski wa Chicago, na Sue Grafton na Kinsey Millhone wa California. Paretsky amesimulia mara nyingi kwamba alichoka na wale wanawake wa Chandler, na alikuwa amefanya kazi kampuni ya bima, kwahiyo kesi yake ya kwanza ikawa ya udanganyifu wa bima na chama cha wafanyakazi. Grafton yeye alikuwa kwenye vita ya talaka na watoto, akawa anajilaza usiku anawaza namna ya kumuua yule mtalaka wake kwa ua la oleander, akaona bora aandike, na sumu hiyo ikaingia kwenye kitabu cha herufi A, maana vitabu vyake vya Kinsey alivipa majina kwa herufi. Aliendelea herufi kwa herufi mpaka Y, akafariki Desemba 2017, na Z haipo.

Hawa wana bastola, wanapigwa, wanakimbia, wanakula wamesimama jikoni. Nawaheshimu sana. Ila nikiwa mkweli, hawanigusi kama bibi wa sindano za kufumia, kwasababu wao walichukua kiti cha mwanaume wakakikalia vizuri, wakati Marple alikaa kiti chake mwenyewe na kesi ikaja hapo.

Anayeniunganishia hivyo viti viwili ni Jane Tennison wa tamthilia ya Uingereza ya mwaka 1991, aliyeigizwa na Helen Mirren. Mkubwa wa kesi mwanaume anakufa ghafla kwa moyo, Tennison anapewa kesi, wanaume ofisini wamenuna. Na kitu cha kwanza anachogundua ni kwamba wenzake wamekosea hata jina la maiti. Waliona mwanamke kauawa kwenye chumba cha kahaba wakaandika kahaba, wakafunga. Yeye akaangalia tena akaona huyu ni mtu mwingine kabisa. Mwandishi wake, Lynda La Plante, alikaa na askari mwanamke wa kweli akachukua yale ya ofisini. Ile episodi inatakiwa ionyeshwe chuo cha polisi popote pale, maana kukosea jina la mwanamke aliyekufa kwasababu umeshaamua alikuwa mtu wa aina gani, hiyo haijawahi kuwa ya Uingereza peke yake.

Haya, sasa Botswana, nilipokuwa nakimbilia tangu mwanzo.

Mwaka 1998 Alexander McCall Smith, mzungu wa Scotland aliyezaliwa Bulawayo, akamtoa Mma Precious Ramotswe, Mma kwao ni kama Bibi. Baba yake, Obed, alifanya kazi migodini Afrika Kusini, akarudi na kifua kibovu, akafa na kumuachia ng'ombe. Mma Ramotswe akauza ng'ombe akafungua ofisi ya upelelezi Gaborone chini ya kilima cha Kgale, na meza mbili, na birika la chai, na sekretari, Mma Makutsi, aliyepata asilimia 97 chuo cha usekretari. Pale mwanzo wakili anamuuliza kweli mwanamke anaweza kuwa mpelelezi? Anamjibu kwamba wanawake ndo wanaojua kinachoendelea, ndo wenye macho, hujamsikia Agatha Christie? Niliposoma hapo nilisimama nikatembea chumbani.

Kesi yake ya kwanza naipenda kuliko zote. Binti ana maisha mazuri, kazi benki, ghafla anatokea mzee anasema mimi ndo baba yako niliyewaacha ukiwa mdogo. Anahamia, anakula, anakaa. Binti anahisi sio baba yake ila hana uhakika, na ukimfukuza baba ni laana. Ungekuwa ni Willy Gamba angemkaba mzee shingo. Mma Ramotswe anaazima nguo za nesi, anaenda pale na damu kwenye nguo, anamwambia mzee mwanao kapata ajali, inahitajika damu ya baba, damu nyingi, na tunakwambia ukweli unaweza kufa. Mzee anatetemeka, mimi sio baba yake! Kwisha. Anajua baba wa kweli atasema nitoeni yote. Huo ni upelelezi wa mtu aliyelelewa na baba aliyempenda, hakuna chuo kinafundisha hiyo. Na ikifika kwenye tamthilia yake ya mwaka 2008, yule fundi magari mpole Bwana Matekoni kaigizwa na Lucian Msamati ambaye wazazi wake ni Watanzania, kwahiyo na sisi tulikuwa na mtu wetu pale gereji.

Wapo wanaosema Botswana ya McCall Smith ni tamu mno, na mimi nakubaliana nao, chai nyingi maumivu kidogo. Ndo maana lazima umsome na Unity Dow. Huyu ni mama wa Botswana mwenyewe, mwanasheria, aliishtaki serikali kwasababu sheria ilikuwa inasema mwanamke wa Botswana aliyeolewa na mgeni hawezi kuwapa watoto wake uraia, akashinda mwaka 1992, na mwaka 1998, mwaka ule ule wa Mma Ramotswe, akawa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu. Riwaya yake ya mwaka 2002 inaanza na binti mdogo wa kijijini aliyepotea, polisi wakasema kaliwa na wanyama wakafunga jalada. Miaka mitano baadae binti mwingine, Amantle, kijana tu anayefanya utumishi wa taifa kwenye zahanati, anapangiwa kusafisha stoo, na kwenye maboksi anakuta boksi lenye nguo zenye damu za yule mtoto. Mtoto aliuawa kwa ajili ya viungo, dawa ya wakubwa wanaotaka cheo na biashara. Tokea hapo kinachopelelezwa ni serikali yenyewe, nani alificha hilo boksi na kwanini. Msomaji wa Kanda ya Ziwa atakayekisoma hicho kitabu na kukumbuka miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino hatalala.

Na nikifika hapo huwa nawaza kitu kinachonitisha. Miss Marple ni nani? Ni bibi kizee, anaishi peke yake, anaona kila kitu, anakumbuka ya watu, anajua sumu na dawa za bustanini. Kule Uingereza wamempa kesi na heshima. Usukumani bibi wa namna hiyo hiyo, mjane, anayejua mizizi, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe, alikuwa anauawa kwa panga usiku kwa kuitwa mchawi, na mara nyingine nyuma yake kuna shamba ambalo ndugu analitaka. Mtu anayeona sana na hana mume wa kumlinda ni hatari kwa mwenye siri. Hiyo ni riwaya ya upelelezi ambayo inabidi iandikwe na mtu wetu, na bibi awe hai mpaka ukurasa wa mwisho, na awe yeye ndo anajua.

Maana wapelelezi hawa tunao. Nina shangazi, alikaa nyumba ya kupanga Tanga, vyumba sita, uwanja mmoja, choo kimoja, zamu za kufagia zimeandikwa ukutani kwa mkaa. Siku moja hela ya mchezo ya mama mmoja ikapotea chumbani usiku, nyingi, ilikuwa ndo zamu yake ya kupokea. Asubuhi kelele, wanaume wakaitana, mmoja anataka polisi, mmoja anataka mganga wa kuagua, mjumbe kaletwa. Shangazi hakusema neno, aliangalia uwanja. Ule uwanja ulikuwa ushafagiwa alfajiri kabla mwenye zamu hajaamka. Na shangazi anajua ufagio wa kila mtu pale, huyu anaanzia mlangoni kwenda chooni, huyu anafagia kwa kurudi nyuma, huyu anakusanya takataka mafungu mafungu. Ule mfagio haukuwa wa mwanamke yeyote wa nyumba ile, ulikuwa mistari mifupi mifupi ya mtu aliyeshikilia ufagio wa chelewa kama jembe, na umepita sehemu moja tu, kutoka mlango wa yule mama mpaka chumba cha uani. Kijana ambaye hajawahi kufagia tangu azaliwe kafagia kufuta nyayo zake mchangani! Shangazi akamuita usiku, wawili tu, akamwambia kesho nikiamka hela iwe kwenye ndoo yangu. Ikawepo. Hakuna aliyejua mpaka yule kijana alipohama. Mtaa mzima ulikuwa unamuita mdadisi, mama wa maneno maneno, na wanaume wake wa barazani waliosoma Willy Gamba wote walishindwa kesi ile.

Siku hizi mambo yameanza kusogea na nafurahi kusema hivyo. Hussein Tuwa alimuandika Tigga Mumba kwenye Mkimbizi, mwanamke ndo anabeba kitabu, anakimbizwa lakini anafikiri, na kwenye hadithi za mitandaoni, zile zinazokatishwa pale pale pa hatari na kuandikwa itaendelea, unaanza kukuta makachero wa kike wengi. Tatizo langu na wengi wao ni kwamba wamepewa bastola na karate na suruali ya ngozi tu. Ni mdada wa jalada la vitabu vya anko, safari hii upande wa serikali. Akili ya uwanja wa Tanga haimo. Na waandishi wasiseme hakuna mahali pa kuipata, maana nenda dawati la jinsia na watoto kituo chochote cha polisi uone afande mwanamke anavyomsikiliza mtoto ambaye hajui hata neno la kuelezea alichofanyiwa, anampa karatasi achore, anamuuliza nani anakuogeshaga, jioni anajaza PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Huyo afande ni Miss Marple mwenye gwanda na hana hata riwaya moja.

Mimi nikiulizwa ningetaka nani, nitamtaja mama wakala wa hela za simu. Kibanda cha rangi, kiti cha plastiki, daftari la miamala, kaka zake wa bodaboda wamejipanga nje. Mtaa mzima unapita mbele yake, anajua mshahara unaingia lini, nani anatuma kwa nani, nani alikuwa anatuma na ameacha, nani kaja kutoa yote mkono unatetemeka kwasababu kuna mtu kampigia akamwambia mwanao kaugua shuleni, tuma haraka. Ni mtu anayekaa sehemu moja, kama bibi wa kijijini na sindano zake, na kesi zinamfuata.

Kesi yake ya kwanza naiona kabisa. Binti wa kazi wa nyumba ya geti jeusi hajaonekana wiki tatu. Bosi wake anasema katoroka na bwana, polisi wametoa RB, ile namba ya taarifa, kila ukienda upelelezi haujakamilika. Mama wakala anajua kila tarehe 3 yule binti huwa anakuja kumuwekea mama yake elfu thelathini, mama yuko Singida, na huwa anaisoma namba kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne maana haijamkaa kichwani. Tarehe 3 ya mwezi huu hela imewekwa kama kawaida, elfu thelathini ile ile, namba ile ile ya Singida. Aliyekuja kuiweka ni mwanaume mtu mzima, kavaa vizuri, na kile kikaratasi alikuwa nacho yeye mkononi.